Kwenda Kisarawe Kumtafuta Shahidi wa Elia

Tuliondoka Kibaha kwa sababu ya mgongo wa mdogo wangu Elia. Ni baharia. Aliumia akivuta kamba nene ya kufungia meli gatini, na sasa hawezi kuinua hata ndoo ya maji. Amedai fidia ya ulemavu, lakini mwajiri wake amejibu: kama kweli aliumia melini, mbona kumbukumbu zinaonyesha hakukosa zamu hata moja hadi mkataba ulipoisha? Wakili wetu alituonya kwamba bila shahidi, kwenye usuluhishi tutaanguka. Shahidi mwenyewe alikuwa mmoja tu, Shabani, baharia mwenzake anayekaa Kisarawe.

Asubuhi, nyumbani kwetu Mkuza, hapo Kibaha. Nilimkalisha Elia kiti cha mbele cha kigari changu na kumwekea mto mgongoni. Akasema nimemfanya bibi harusi. Mimi ni mwalimu, nimezoea watoto wanaojificha nyuma ya utani, kwa hiyo nilimwacha. Kwenye kituo cha Kwa Mathias tulinunua mkate na sukari, maana huendi kumwomba mtu jambo zito mkono mtupu, kisha tukashika barabara ya Morogoro kuelekea Dar.

Tulipofika Kiluvya tuliiacha barabara kuu na kukunja kulia. Njia ilikuwa na mashimo, nami niliendesha taratibu mpaka pikipiki zikatupigia honi. Nilimuuliza Elia kwa nini hakumwambia nahodha siku ile ile.

“Dada, melini ukilalamika unarudishwa nyumbani, na ukirudishwa huitwi tena. Nilimwambia Shabani peke yake. Akanificha.”

“Akakufichaje?”

“Alimaliza kazi zake, akafanya na zangu. Mimi nilikuwa nasimama pale na brashi ya rangi, nionekane nipo.”

Hasira zilinipanda. Wema ule wa Shabani ndio ulioacha kumbukumbu safi, na kumbukumbu hizo ndizo mwajiri anazitumia leo kumnyima Elia haki yake. Wakati huohuo nilitamani sana kumwona mtu huyo.

Kisarawe ilitupokea na upepo wake wa vilimani. Nyumba ya kina Shabani iko nje kidogo ya mji, kwenye mikorosho. Tulimkuta anapalilia mihogo. Alitupa jembe, akaja mbio, lakini alipomfikia Elia alimkumbatia polepole, kwa mkono mmoja, bila kumgusa kiuno.

“Mwanangu, umekonda!” Shabani alimwambia.

“Na wewe umekuwa mkulima!”

Walicheka mpaka mama yake Shabani, Bi Mwanahawa, akatoka.

“Shikamoo mama,” tulisema.

“Marahaba wanangu. Karibuni chai.”

Tulikunywa chai, na Elia akashindwa kusema kilichotuleta. Nikasema mimi. Bi Mwanahawa akaweka kikombe chini.

“Kampuni hiyohiyo imeshamwita mwanangu tena, anasafiri karibuni. Akienda kusema hayo, si atakuwa amekiri kwamba aliwadanganya? Nani atamwajiri? Mabati haya juu yetu ni ya kazi hiyo, mwalimu.”

Alikuwa na haki, na mimi niliona aibu na mkate wangu.

“Mama anasema kweli,” Elia alisema. “Dada, twende.” Akajaribu kuinuka, akakwama. Kabla sijafika, Shabani alikuwa ameshamshika kwapani na kumsimamisha, bila kuulizwa, kama alivyozoea.

“Mama,” alisema akiwa bado amemshikilia, “nilimshikia zamu nikidhani namsaidia. Kumbe nilikuwa nafuta ushahidi wake. Nikinyamaza leo nitakuwa nimemuumiza mara ya pili.”

Bi Mwanahawa aliingia ndani. Nilijua amekasirika, na kweli alikuwa amekasirika. Aliporudi alikuwa na fungu la mihogo na shati lililopigwa pasi.

“Vaa hili,” alimwambia mwanawe. “Huendi kwa wakili na shati la shamba.”

Alasiri tulirudi watu watatu, Shabani kiti cha nyuma na mihogo yake. Kabla ya Kiluvya simu yake iliita. Alikuwa wakala wa kampuni, akimwita melini. Shabani aliniomba nisimamishe gari.

“Meli iondoke bila mimi, bosi. Mimi ni shahidi wa Elia.”

Wakala aliuliza kama anajua kwamba hataitwa tena.

“Najua,” Shabani alijibu, kisha akakata simu.

Elia alilia kwa sauti. Shabani aliangalia nje, akamwacha alie.

Usuluhishi ni Jumatatu, na sijui tutapewa nini. Niliyojifunza Kisarawe ni haya: haki ya ndugu yangu itatoka kwenye riziki ya mtu mwingine, na mtu huyo alipoona hivyo alichukua shati lake akapanda gari.