Maboksi ya Arlene Chini ya Bilinganya

Ate Siyang hakuzaliwa kupangiwa. Nasema hivyo mimi Panyang, jirani yake wa miaka thelathini na nane. Duka langu linatazamana na mlango wake, kwa hiyo hakuna anayeingia kwake nisimwone, wala anayegombana naye nisimsikie. Namwita Ate, yaani dada mkubwa, maana amenizidi miaka saba. Yeye huniita Panyang tu, na akikasirika huniita Epifania, jina la kwenye cheti cha ubatizo.

Ana miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini aliuza sokoni wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, na kwa wali huohuo akasomesha watoto wawili. Mumewe Berong, Mungu amrehemu, alikuwa dereva, na muda wake wote wa kupumzika aliumalizia uani kwenye bilinganya zake. Berong alipofariki, magoti ya Ate Siyang nayo yakagoma. Jembe likatundikwa ukutani, ndago ikaingia. Wenye kulima wanaijua ndago. Unaikata leo, keshokutwa inakuchungulia. Unaing'oa, vile vipunje vyake vinabaki chini na kuchipua mara mbili. Miaka mitano ilitosha kuugeuza uani ule kuwa pori la kufika gotini.

Katika wale watoto wawili, Nestor yuko mjini Calamba, gorofa ya nne, na mkewe na watoto. Arlene yuko Roma mwaka wa kumi na moja sasa, anamtunza bibi mmoja wa Kitaliano. Nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Batangas zina mtu Italia, na aliyeko huko hutuma boksi. Si kiboksi, ni boksi la kumfikia mtu kiunoni, limeshindiliwa chokoleti, kahawa, samaki wa kopo, sabuni, viatu na mataulo. Arlene alituma mawili kila mwaka. Na boksi likishamalizwa vitu halitupwi, linapangwa sebuleni, mahali ambapo mgeni akiingia tu analiona. Ya Ate Siyang yalikuwa ishirini na mbili, yamefika dari, na kila moja limeandikwa jina lake, Consorcia Macatangay, kwa wino mweusi na kwa mkono wa Arlene. Wivu nilikuwa nao, sifichi. Mwanangu mimi yuko Manila na hutuma salamu.

Novemba, Arlene alipiga simu ya video. Ate Siyang huja kuipokelea dukani kwangu, maana mtandao wa kwangu ni mzuri. Siku hiyo binti akataka kuonyeshwa nyumbani, basi tukavuka barabara.

"Nanay, geuza simu nione uani," akamwambia mama yake.

Ate Siyang akageuza simu upande wa ukuta.

"Nanay, nimesema uani."

Akageuza. Arlene akaanza. "Humo hata nyoka anapotea njia. Siku ukianguka, nani atakuona?"

"Panyang ataniona."

"Na Panyang akiwa hayupo?"

"Panyang aende wapi, yeye?"

Arlene hakucheka. Alisema anakuja Mei, kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu. Akikuta uani bado pori, mama anahamia Calamba kwa Nestor na nyumba inapangishwa. Nestor ameshatenga chumba, na wameshakubaliana wao wawili.

"Na usipokuta pori?" Ate Siyang akauliza.

"Nitanyamaza, sitaleta tena habari ya Calamba."

"Panyang, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi wewe ndiye shahidi." Akakata simu kabla binti yake hajaaga.

Nilimwambia ukweli, sikumpaka mafuta. Kwa magoti yale jembe asingeliweza, na ndago haing'olewi kwa hasira. Akaniambia nimwache afikiri.

Sasa, kuna jamaa wa redio, mwenye kipindi cha wakulima cha alfajiri. Redio ni yangu, lakini Ate Siyang ndiye msikilizaji, anakuja na kikombe chake cha kahawa kabisa. Jamaa akaeleza habari ya matandazo ya boksi. Huna haja ya kulima, alisema. Lowanisha ardhi, kunjua maboksi uyalaze juu ya majani yaliyofyekwa, kila moja lipande juu ya mwenzake kiasi cha shubiri moja, mwagia maji, tandika juu maganda ya mpunga na mbolea ya kuku, toboa matundu, panda. Ndago ikikosa mwanga inachoka. Na akasisitiza: kwanza bandueni kila plastiki. Tulisikia wote wawili.

Wiki ya pili ya Desemba namwona Ate Siyang anatoka na boksi kichwani, akipita nyuma ya nyumba. Kisha la pili. Nikaacha mteja na sukari yake mezani nikamfuata.

"Ate, umepatwa na nini?"

"Nalima."

"Kwa maboksi ya Arlene?"

"Ulitaka nilime kwa ya kwako? Una maboksi ya sabuni tu, hayafuniki hata kuku."

Nikameza. Alikuwa amemlipa mtu afyeke, akayakunjua yote ishirini na mbili, akayalaza moja ubavuni mwa jingine, safi kabisa, huku ule mwandiko ukitazama juu. Uani mzima ukawa unasoma Consorcia, Consorcia. Lakini hakubandua kitu.

Hapa lazima niseme jinsi tunavyofunga maboksi sisi. Hatuiamini meli, hatumwamini mpakiaji, hatuiamini mvua. Anayefunga boksi Roma hulizungushia selotepu mpaka karatasi isionekane tena, na penye jina anapitisha mara tatu, ili maji yasifute. Boksi la Arlene ukilipiga kwa ukucha linalia kama sahani.

"Jamaa alisema plastiki itoke," nikamkumbusha.

"Nikiitoa, na jina linatoka."

"Jina lako unalijua, Ate. Unaliogopea nini?"

"Epifania, rudi dukani."

Nikarudi. Akapanda miche ya bilinganya na kunde ndefu. Kila asubuhi namsikia akimwagilia, na kila asubuhi maji yanateleza juu ya ile selotepu yanaenda kwenye mtaro wa jirani. Miche ikasimama wiki mbili, ikainama. Ndago ikapata mahali maboksi yalipokutana, ikatoka kwa mistari iliyonyooka, kana kwamba imepandwa kwa kamba. Mwisho wa Januari tukafunua boksi moja. Chini palikuwa pakavu, vumbi tupu, na sisimizi wamejenga.

"Nilikwambia," nikasema. Sikujizuia.

Ate Siyang alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakunijibu. Mwanamke huyu hujibu hata asiposemeshwa. Alitazama ile mistari ya ndago muda mrefu, kisha akasema, "Chumba cha Nestor kina dirisha moja, Panyang. Linatazama dirisha la mtu mwingine."

Roho iliniuma. Niliona aibu pia kwa lile neno langu. Nikaenda kufunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikulifanya hata nilipougua dengue, nikarudi nikibingirisha pipa langu la maji.

"Lete la kwanza," nikamwambia.

Alielewa. Boksi likiloweshwa saa nzima, selotepu inalegea, unaivuta inakuja ndefu kama ngozi ya nyoka, na karatasi ya juu inakuja nayo, na wino wote. Lakini kabla hajalitia boksi majini, Ate Siyang alilishika akalisoma. Hakuwa akisoma jina. Alikuwa akiusoma mkono.

"Hili ni la mwaka wa kwanza. Unaona herufi zinavyotetemeka? Alikuwa na baridi, hana koti." Likaingia pipani. "Hili aliandika kwa mkono wa kushoto. Alijiunguza jikoni kwa yule bibi, akaniambia amejikwaruza tu. Mama hadanganywi hivyo." Likaingia. "Hili aliandika akiwa na furaha, sijui kwa nini. Hakunieleza na mimi sikumuuliza."

Nilidhani nimekuja kubandua selotepu, kumbe nimekuja msibani. Tulifanya hivyo siku tatu, maboksi saba kila siku, na la mwisho tukalimaliza jioni ya siku ya tatu. Sikumwona akilia. Alijikaza, na kila lililotoka pipani likiwa tupu, limekuwa karatasi ya kahawia tu, alilibeba mwenyewe akalilaza. Safari hii shubiri moja juu ya mwenzake, na pale ndago ilipokuwa sugu, mawili mawili. Yakaisha kabla ya kufika ukutani; kona moja ikabaki wazi. Tukamwaga maganda ya mpunga kutoka kinuni na mbolea ya kuku wangu. Kuku wangu nao wanajulikana mtaani kwa bidii yao.

Februari katikati akapanda upya, akaongeza na bamia. Nikwambie, kiangazi cha mwaka huu kilikausha hata mabwawa ya kambare, na watu walimwagilia mara mbili kwa siku huku mboga zikiwafia mikononi. Ate Siyang alimwagilia kila baada ya siku tatu, amekaa kwenye ndoo yake, anahama kidogo kidogo, magoti hayana habari. Machi kunde zikapanda miti. Aprili bilinganya zikatoa maua ya zambarau, bamia zikawa ndefu kunipita, na siyo kwamba mimi ni mfupi. Ndago haikuisha, ndago haiishi, asikudanganye mtu. Ilichomoza hapa na pale, dhaifu, ya rangi ya njano, na Ate Siyang aliing'oa kwa vidole viwili huku akiitukana.

Arlene alifika siku mbili kabla ya sikukuu. Kwanza aliingia sebuleni. Nilikuwa nimeshatangulia, nimekaa, maana shahidi lazima awepo.

"Nanay, maboksi yangu yako wapi?"

"Uani."

Akatoka. Alisimama penye mlango wa nyuma. Kisha akainama, akapekua maganda ya mpunga, akakuta kipande cha karatasi laini kilichobaki, akakishika.

"Boksi moja nilikuwa nalijaza miezi mitano," akasema. "Naweka sabuni moja, nasubiri. Naweka kopo moja, nasubiri. Wewe umeyatupa chini ukayamwagia mavi ya kuku."

Nilitaka kusema kitu. Ate Siyang akanitolea macho, nikanyamaza.

"Chimba hapo ulipo," akamwambia binti yake. "Kwa mkono tu."

Arlene akachimba. Mkono uliingia mpaka kifundoni bila kusukumwa. Udongo ulitoka mweusi, wenye unyevu, na nyungunyungu wawili wanene. Kumbuka ni Mei, na nje ya ua ule ardhi ilikuwa imepasuka.

"Vitu vyako nilivila, Arlene, na nilishukuru. Maboksi yalikuwa yamekaa tu, watu wanayatazama. Ulisema uani. Nilikuwa na nini kingine cha kuushinda uani?"

Arlene alianza kutembea katikati ya mistari, akigusa bilinganya moja moja, mpaka akafika ile kona iliyobaki na ndago ya kufika gotini. Akaitazama, akageuka akatazama huku. Nadhani hapo ndipo alipoona kazi iliyofanyika.

Tulikula bulanglang mchana, mboga zote za uani kwenye mchuzi mweupe, na samaki wa kuchoma. Arlene alikula sahani mbili. Kisha akaweka kijiko chini, nikajua bado.

"Kwa uani umenishinda, Nanay, nakubali, na niliahidi. Lakini naogopa. Magoti yako hayo, na mimi niko mbali. Nikisikia simu usiku kule, moyo unasimama. Nenda tu kwa Nestor, nakuomba. Sikulazimishi, nakuomba."

Hilo ndilo lililonitisha. Ate Siyang mtu akimlazimisha anajua la kufanya. Akiombwa na Arlene hajui.

Akaisogeza sahani yake.

"Miaka kumi na moja unalala kwenye chumba cha watu," akasema. "Shuka la watu, ufunguo wa watu, ukikohoa unakohoa kwa adabu. Siku utakapochoka nao, au wao wakichoka nawe, utarudi. Ukirudi ukute hapa wapangaji, utabisha hodi kwa nani? Kwa Nestor, ulale chini na wanawe? Mimi ningeweza kukaa Calamba, mwanangu. Nitakaa popote, nimeshakuwa mzee. Nyumba hii siing'ang'anii kwa ajili yangu. Nakushikia."

Simu ya Arlene ikaanza kulia, na kweli, alikuwa Nestor, anauliza alete gari lini kubeba vitu vya mama.

"Kuya, usilete gari," Arlene akamwambia kaka yake. "Hicho chumba wape watoto. Nanay habanduki." Akamtazama mama yake. "Na mimi nikirudi, narudi hapa."

Akaweka simu mezani, akalia waziwazi, machozi yakidondoka kwenye sahani. Mama yake akamsogezea wali.

"Usimlilie samaki," akasema. "Panyang ameshamtia chumvi."