Urea Yangu na Ng'ombe wa Masanja

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi ukungu, baadaye wingu lisilo na mvua, upepo baridi kutoka milimani. Ndivyo daftari langu linavyosema, na chini yake nimeandika "aibu", nikaikata, nikaiandika tena, maana neno jingine sikulipata. Basi niwasimulie kama ilivyokuwa, nisijipendelee.

Miaka hiyo mbolea ya mkopo kutoka ushirika ilikuwa imekwisha, kila mtu anajinunulia kwa wafanyabiashara wa Sumbawanga mjini, na nilichoweza kupata mimi ni ndoo moja ya urea. Nikawaza, kidogo hicho nikikichanganya na samadi kitatosha shamba zima. Samadi ninayo, kwa sababu Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia kwetu, alikuwa analaza ng'ombe wake shambani mwangu tangu mavuno, wao wanakula mabua yangu, mimi nabaki na mavi yao, wote tumeridhika. Nikaalika majirani kumi na mmoja waje kuvunja matuta, yale ya mviringo tunayofukia majani ndani yake tangu masika, na malipo yao, kama desturi yetu Wafipa, ni kimpumu, pombe ya ulezi aliyopika mke wangu Leokadia. Pombe iliiva Alhamisi. Mimi nikasogeza kazi hadi Jumamosi nikiingoja urea (hapo ndipo kosa langu la kwanza), ikachacha mpaka ukiionja unafumba macho, na Leokadia akawa hasemi nami.

Ningeweza kuchanganya nyuma ya nyumba. Lakini nilitaka watu waone. Nikatoa mti mmoja wa zizi ili nipitishe toroli, sikuurudisha, nikayeyusha makopo mawili ya urea kwenye karai la maji kando ya rundo la samadi. (Muuza duka aliniambia niiweke mbali na mifugo. Nisimsingizie, aliniambia mara mbili.) Kisha nikapanda juu ya tuta, mimi wa darasa la saba, nikaanza kueleza kwamba samadi inalisha udongo polepole na urea inalisha mche haraka, sasa ukiwapa vyote viwili kwa kipimo, na ukungu ulikuwa unatambaa kati ya matuta, sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine, watu wametulia wananitazama, na mimi nayaona mahindi kabisa, yamenizidi kimo, yanateremka mteremko wote yakipumua, wala sijui nilisimama pale muda gani.

Kumbe walikuwa wanatazama nyuma yangu.

"Baba Deusi," akasema mzee Kasiani taratibu, "huyo mwanafunzi wako ameshaanza kunywa uji."

Nikageuka. Ng'ombe mweusi wa Masanja, kichwa ndani ya karai. Nilimfukuza, lakini alikwisha kunywa karibu nusu. Na katika ng'ombe wote wale huyo ndiye pekee aliyekuwa anakamuliwa. Mke wa Masanja aliugua akakaukiwa maziwa, na mtoto wao alikuwa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Hilo nililijua. Wote pale walilijua.

Haukupita muda ng'ombe akaanza kutetemeka, povu mdomoni, miguu ikamlegea akalala. Masanja akaja mbio.

"Amekunywa nini?"

"Urea."

Hakunitukana. Akapiga magoti, akamshika pembe. "Kwetu tunamnywesha maziwa yaliyoganda, yale machachu kabisa. Hapa sina hata kibuyu kimoja."

Ndipo Leokadia akasema neno lake la kwanza tangu Alhamisi. "Chachu ninayo. Mitungi mitatu."

"Hiyo ni yetu, mama," akasema Kasiani.

"Ilikuwa."

Basi Masanja akainua kichwa cha ng'ombe, Leokadia akamimina kwa chupa, kidogo kidogo asipaliwe, na mimi nikapewa mkia nishike, sijui wa kazi gani, nadhani walitaka nisiguse kitu kingine. Kivuli cha wingu kikapita juu yetu, kikaenda zake, kikaja kingine. Masanja alikuwa anaimba kwa Kisukuma, chinichini, kama anambembeleza mtoto. Watu wamekaa juu ya majembe yao.

"Wewe," Kasiani akaniuliza, "ulivuta zile bangi za bondeni?"

"Sivuti, baba."

"Ungekuwa unavuta tungekuelewa."

Mtungi wa pili ulipokwisha ng'ombe akacheua, cheuo refu lenye harufu ya ulezi, akajaribu kusimama, akaanguka, na jua lilipokuwa utosini akasimama kweli, anayumba, hatujui ni sumu au ni kimpumu. Wengine walicheka. Masanja hakucheka, na sina haki ya kumlaumu. Akaniambia, "Siku mbili tatu hizi mtoto nitamwombea maziwa kwa watu. Pole yako sitaki, mimi nahamisha ng'ombe wangu." Akawahamishia shambani kwa Kasiani jioni hiyohiyo, na samadi yao ikaenda huko.

Kuchanganya si kubaya, mahindi ya mwaka ule yalistawi pale nilipochanganya. Lakini nimeapa sitachanganya kitu chochote mbele ya watu, na kabla ya kufungua ndoo nitafunga zizi.

Majirani walivunja nusu ya shamba, midomo mikavu, hakuna aliyeimba. Mtungi wa tatu nao ulikwenda kwa ng'ombe, na mtu hatoki shambani mwa mwenzake mikono mitupu, kwa hiyo Leokadia alifungua kibuyu cha mbegu bila kuniuliza. Jioni ile tulikula, sisi na watu kumi na mmoja, ugali wa ulezi na maharage tuliyokuwa tuyapande.