Kata ya Kwanza ya Mzee Ebenezeri

Saa nne asubuhi, Theopista anabadilisha shuka la nne la kitanda namba tatu, na lile la kwanza halijakauka. Anamgeuza mgonjwa ubavu, anamfuta, anampaka mafuta ngozi isichubuke, kisha anachora mstari wa chaki ukutani: kaharisha tena. Hakai. Kiti cha wodi anakijua kwa kukifuta vumbi tu.

Ni mwaka 1981, sabuni ni kipande kimoja kwa wiki. Theopista, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni mhudumu wa wagonjwa mahututi katika hospitali moja mjini Moshi. Mgonjwa wake ni Mzee Ebenezeri, mkulima wa kahawa kutoka juu ya Himo, aliyeanguka akapoteza fahamu. Analishwa uji kwa mpira wa puani. Siku ya tatu hii anaharisha. Macho yamezama, na chupa za dripu zimebaki mbili.

Daktari amesema hali ikiwa hivi hadi kesho, uji utasimamishwa.

"Halafu ale nini? Maombi?" anauliza Theopista, naye hakosi kanisani Jumapili.

Anaitazama chaki yake. Mistari inasongamana kila jioni, wageni wakishaondoka. Anaikagua faneli ya kumlishia: imeganda pumba za ulezi. Uji wa wodi ni wa mahindi.

Saa kumi anadeki palepale alipokwisha kudeki, akivizia wageni, mpaka anapoingia Thadeus, mdogo wake Mzee Ebenezeri, na koti zito, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Baridi imekupata kweli. Lete hilo koti nikutundikie."

Chini ya koti kuna kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

Thadeus anaeleza bila kuficha. Kaka yake ndiye mkubwa wa ukoo. Kila mbege inapofunguliwa, hakuna anayeonja kabla yake; kata ya kwanza, kile kibuyu kidogo cha kunywea, ni yake. Basi kila jioni ndugu waliichuja kwa kitambaa, wakaimimina mpirani. "Nusu kata tu, mama."

"Nusu kata yake, na pipa zima lenu," anasema Theopista.

Jioni ile kibuyu kilirudi Himo. Daktari aliruhusu uji uendelee, pamoja na maji ya chumvi na sukari, sukari yenyewe ikitoka kwenye mgao wa Thadeus. Juzi mistari ilikuwa miwili. Jana hakuna, na mzee amefumbua macho.

Theopista sasa anaomba meza mlangoni, makoti na vikapu vifunguliwe hapo. Huko Himo pipa jipya linachacha, halijaguswa, likimngoja mkubwa.

"Akipona nitapanda kwake, nimwone akinywa kata ya kwanza kwa mdomo," anasema, akikunja shuka. "Siku hiyo nitakaa kitini."