Vitasa vya Pikapu ya Baba

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi wa vitasa pale Majengo. Ni gari la zamani, na milango yake ilishafika mahali pa kufunguka kwa ufunguo wowote, hata wa kabati. Fundi alibandua bodi ya ndani ya mlango, akachomoa kitasa, akamwaga kiganjani vile vibati vidogo vya shaba vinavyoutambua ufunguo. Akaniuliza bila kuniangalia, "Dada, nikivipanga upya, ule wa zamani uendelee kufungua au usifungue tena?"

Ni swali la kawaida la kazi yake. Lakini lilinirudisha utotoni, na wewe ngoja nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa shule ya msingi, baba alikuwa na pikapu ya kubebea mahindi. Msimu wa mavuno nyumba nzima ilinuka dizeli, magunia ya katani na vumbi jekundu la barabara ya Mpitimbi. Mimi na mama tulifagia punje zilizobaki nyuma ya gari, tukawamwagia kuku. Aliyekaa kushoto kwa baba safari zote alikuwa kaka yangu mkubwa. Alipopata leseni, baba alimkabidhi ufunguo wa pili mezani, Jumapili tuliporudi misa, mama akiwa amepika wali na kuku. "Gari hili sasa lina madereva wawili," alisema. Kaka aliutia kwenye kamba ya kiatu, akauvaa shingoni pamoja na rozari yake.

Baadaye alikwenda kuchimba vito upande wa Tunduru. Alirudi amekonda, anaanza kunywa pombe ya kangara kabla jua halijakaa sawa. Akawa anachukua gari bila kuaga na kulirudisha limebonyea. Baba akifoka, mama alisema, "Atatulia. Ni mwanao."

Unaijua asubuhi ya Songea wakati wa baridi, ukungu umelala hadi kwenye vizingiti. Asubuhi moja ya namna hiyo kaka alilitoa gari kwa fujo, akamgonga jirani yetu, mama wa Kiyao aliyetuuzia vitumbua tangu sijaanza shule. Tulipotoka nje alikuwa ameketi barabarani ameshika mguu, beseni limepinduka, vitumbua vimetapakaa vumbini. Kaka alikuwa amekwishakimbia, gari ameliacha palepale. Baadaye tulisikia amejificha kwa shangazi yetu Maposeni.

Mguu ule haukunyooka tena. Baba na mama walipokwenda kumwomba radhi, nikiwa nyuma yao na kikapu cha maharage, yule mama hakuwatukana. "Mwenyezi Mungu kanibakisha," alisema. "Lakini mtaa huu una watoto, baba. Yule bado ana ufunguo?"

Baba aliitikia kwa kichwa. Wiki ileile baba aliita fundi wa vitasa nyumbani. Kitasa cha mlango wa dereva kilikuwa kimekwisha, akaweka kingine. Cha upande wa pili alikifungua akakipanga upya kifuate ufunguo mpya, na swichi ya kuwashia nayo vivyo hivyo. Mama alibaki jikoni anachambua maharage. Hakutoka kumsalimia fundi wala kumpelekea maji ya kunywa, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwetu.

Kaka alirudi Jumamosi mchana. Hakuwa amelewa. Alivaa shati safi, akateka maji kisimani, akachukua kitambaa. Nilielewa kwamba anataka kuosha gari, kama alivyofanya kila Jumamosi enzi zile. Akaingiza ufunguo mlangoni ili atoe mazulia ya chini. Haukuzunguka. Akaufuta kwenye suruali, akajaribu tena. Akazunguka upande wa pili, akajaribu huko nako. Majirani walikuwa wameshaanza kusimama kwenye ua.

Baba alikuwa sebuleni, dirisha liko wazi. Alisikia kila kitu. Hakuinuka kwenye kiti.

Mama ndiye aliyetoka, mikono ina unga. "Mwanangu, baba yako amebadilisha vitasa."

"Vyote?"

"Vyote."

"Sawa, mama."

Akaliosha gari kwa nje. Aliosha mpaka magurudumu, taratibu, huku watu wanamtazama. Alipomaliza aliifudikiza ndoo ikauke, akaenda zake. Mama alimwita aje ale. Hakugeuka.

Alirudi machimboni. Mvua za mwaka uliofuata shimo liliporomoka likamfukia, na baba ndiye aliyekwenda na pikapu kuuleta mwili wake.

Baba aliendelea kubeba mahindi miaka mingi, kiti cha kushoto hakuna mtu. Siku hizi nikipita mtaa ule naona penye kisima pamejengwa fremu za maduka. Pikapu ilikatwa ikauzwa chuma chakavu. Yule mama wa vitumbua alirudi kwao Tunduru, na mama yangu tulimzika.

Baba alipokuwa anaumwa, nilimuuliza kama angefanya vile tena.

"Ningebadilisha," alisema. "Mama wa watu alikuwa kitandani kwa mguu ule." Akajivutia blanketi. "Lakini ningemfuata Maposeni, nikamwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Sio aje kuambiwa na mlango."

Akageukia ukutani. Hatukulizungumza tena, na sasa hayupo wa kuzungumza naye. Ndiyo maana ilinichukua muda kumwambia yule fundi wa Majengo, "Usifungue tena."