Mama Anasema Aliteleza Kwenye Matope

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana ndugu wa mume wangu wengi wapo humu. Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Chapwa hapa Tunduma na mume wangu na watoto. Naandika huku nalia, mtanisamehe nikichanganya maneno.

Mama yangu mzazi alikuwa anaishi peke yake Isongole tangu baba afariki. Magoti yamechoka, nikamwomba aje akae na sisi. Akakataa, na sababu mnaijua wenyewe: mama mkwe hachangii bafu na mkwe wake wa kiume. Kwetu hiyo ni aibu kubwa. Basi tukamjengea chumba chake chenye bafu ndani. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Likabaki suala la fundi wa marumaru.

Sikutaka kubahatisha. Nilipita nyumba za watu naulizia, naingia mpaka mabafuni kwao nagongagonga sakafu kwa sarafu, wengine wakanicheka. Nikampata baba mmoja mtaratibu, kila aliyemfanyia kazi anamsifia. Alipojua bafu ni la bibi, akasema, "Mama, hapa tunaweka za kukwaruza. Za kung'aa ni za sebuleni. Na sakafu lazima iinamie kwenye tundu la maji." Moyo wangu ukatulia.

Mume wangu akaja juu. "Mdogo wangu anaweka tailizi, halafu kazi ya nyumbani kwangu nimpe mtu baki? Ukoo utanielewaje?"

Huyo shemeji ana roho nzuri, sina ugomvi naye, ila ufundi wenyewe aliupata kwa kuangalia wenzake. Nilibishana mpaka nikaitwa mwanamke wa dharau, nikawaachia. Shemeji akaweka zile za kung'aa zilizobaki sebuleni, na maji ukimwaga yanakimbilia ukutani yanatuama. Nilipomwonyesha akacheka tu. "Shem, si utakuwa unapitisha dekio?"

Mama akaja. Alipokiona chumba chake alipiga vigelegele peke yake. Hata mwezi haukuisha. Asubuhi moja nikasikia kishindo, nikakimbia, nikamkuta chini kwenye maji, kanga imemvuka. Mume wangu alikuja mbio akaishia mlangoni, akageukia ukuta, mikono kichwani, maana hawezi kumwona mama mkwe wake vile. Mama analia kwa maumivu lakini ananiambia nimfunike kwanza. Nilimnyanyua mwenyewe. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Sasa amerudi Isongole kwa dada yangu, hainuki bila kushikwa. Nilimwomba mume wangu tubomoe ile sakafu tumwite yule fundi. Akasema ni ajali tu, nikibomoa nitakuwa nimemwaibisha mdogo wake mbele ya watu.

Ila kinachonimaliza ni mama. Kila anayekuja kumwona anamwambia aliteleza kwenye matope, nje, mvua ilinyesha. Shemeji naye alikwenda kumpa pole, kambebea kuku. Mama akampokea vizuri, akamshukuru kwa kumtengenezea bafu zuri. Alipoondoka nikamuuliza, mama, kwa nini? Akanishika mkono. "Mwanangu, mimi nimeshazeeka. Nikisema ukweli, wewe utaishije na hao watu?"

Nililia pale kitandani kwake mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza mimi.

Shemeji hajui kitu mpaka leo. Anatembea na picha za lile bafu kwenye simu, anaonyesha watu kazi yake. Jana jirani yangu, dada mmoja tunayeheshimiana sana, akaja kwangu amefurahi. "Mwenzangu, shemeji yako kanionyesha bafu la mama, limependeza! Nataka nimpe kazi ya kwangu. Baba yangu anahamia, si unajua anatembelea fimbo? Nimpe eeh?"

Nilimwambia nimeacha mboga jikoni, nitampitia baadaye. Sijampitia. Nikisema ukweli, nimemfanya mama yangu muongo mbele ya wakwe, na ndoa yangu sijui kama itabaki. Nikisema shemeji ni fundi mzuri, yule mzee namwona kabisa yupo chini kwenye maji, na binti yake anamnyanyua peke yake.

Leo kanitumia ujumbe, anasubiri jibu. Naombeni ushauri jamani, nikamwambie nini?