Mwenyekiti Aliyewapatanisha Watani

Gaudens Kamugisha alikabidhiwa ufunguo wa ukumbi wa vijana wa Mtongani, Temeke, Jumamosi tarehe 14 Agosti 1954. Ukumbi wenyewe ulikuwa bohari la mkonge lililostaafu: mabati juu, mabati ubavuni, na katikati joto la kuivisha mkate. Afisa wa ustawi alimpa sharti moja. Mwisho wa Septemba angekuja kutazama. Akikuta vijana wanajifunza jambo la maana, ufunguo ungebaki kwa Gaudens. Akikuta mende, ukumbi ungekwenda kwa Marijani na bendi yake ya dansi, ambayo tayari ilikuwa imeegesha ngoma kubwa barazani kama posa isiyojibiwa.

Gaudens alikuwa Mhaya, karani wa Kurasini. Shule ya misheni ilimfunza kwamba mtu hastaarabiki mpaka asimame, aseme "Bwana Mwenyekiti," kisha abishane na rafiki yake bila kumpiga. Akaanzisha mdahalo wa kila Jumamosi alasiri, uenyekiti akajipa mwenyewe. Hoja ya kwanza ilikuwa "Shamba ni bora kuliko mji." Vijana walikuja, wakaijadili wiki kadhaa kwa adabu na usingizi.

Kisha akasimama Kondo, Mzaramo wa Mbagala, muuza madafu. Upande wa pili alikaa Maganga, Mnyamwezi, kuli wa bandarini.

"Bwana Mwenyekiti," akasema Kondo, "huyu ataijulia wapi faida ya mji? Babu yake alifika pwani na pembe ya ndovu kichwani. Pembe ikauzwa, na kichwa kikaenda humo humo!"

Ukumbi ukalipuka. Maganga akainuka taratibu, akijifuta machozi ya kicheko.

"Ni kweli. Na aliyempokea ni babu yako, Kondo. Amelala chini ya mnazi, mdomo wazi, anangoja dafu lishuke lijipasue lenyewe."

Gaudens akagonga meza kwa nyundo yake ya uenyekiti. Huo ulikuwa mwaka wake wa nne mjini, na yote minne aliimalizia kati ya ofisi na kanisa. Hakuna aliyemwambia kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwamba Maganga akimkuta Kondo anakula humpokonya sahani, na kwamba matusi yale ndiyo heshima yao. Yeye aliona ukabila. Akawasimamisha mbele ya watu, akawaamuru waombane radhi.

"Niwie radhi," akasema Kondo.

"Nimekuwia," akajibu Maganga.

Walisema kwa sauti za watu wanaopeana talaka. Hakuna aliyecheka. Gaudens akarudi nyumbani ameridhika kama askofu.

Jumamosi iliyofuata alifungua ukumbi, akapanga viti, akangoja. Akaja mbuzi.

"Mwalimu," Marijani akamwambia kutoka barazani, "hadhira ya leo ina adabu kweli. Haibishi."

Ilibaki wiki moja tu kabla ya afisa kuja. Mwenye nyumba wake, Bi Somoe, alikuwa akichoma vitumbua. Alimsikiliza Gaudens mpaka mwisho, kisha akaweka upawa chini.

"Umewaombesha radhi watani?"

"Walitukanana, Bi Somoe."

"Hee! Ulitaka wasalimiane vipi? Mtani haombwi radhi, baba. Ukimwomba, umemwambia hamjuani tena. Umewatalikisha watu ambao hata hawajagombana! Nani atakuja huko kwako? Nyie Wahaya huku pwani hamna mtani, ndiyo maana mnazikwa kimya kimya kama mizigo ya serikali."

"Basi niende nikawaombe radhi."

"Radhi tena! Nenda kawatukane."

Aliwakuta kwenye baraza la kahawa, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja akitazama kikombe chake. Gaudens akavua kofia. Tusi alikuwa amelitunga njiani.

"Ndugu Kondo, kwa heshima zote, umefanana na dafu lililorudishwa na mnunuzi. Nawe ndugu Maganga, kwa heshima hiyo hiyo, unabeba magunia kwa sababu ni kitu pekee kisichoweza kukukimbia."

Maganga akamgeukia Kondo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mhaya huyu anatukana kama anasoma tangazo la serikali."

"Kwa heshima zote!" Kondo akaiga, na wote wawili wakaangukiana kwa kicheko. Kondo akainyakua ile kofia, akaivaa. Gaudens akanyoosha mkono aidai, akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

Jumamosi ya ukaguzi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Afisa, Mwingereza mwenye Kiswahili cha kuagizia chai, alikaa mbele. Kondo akasimama na kofia ya Gaudens kichwani, akaanza kuwapitia wazee wa Maganga mmoja mmoja. Makelele yakapanda.

"Wanagombana?" afisa akauliza.

Gaudens alikuwa ameshika nyundo. Akigonga, kesho mbuzi. Asipogonga, huenda afisa akaona fujo na kuutwaa ufunguo. Akaiweka nyundo chini ya kiti.

"Hapana, bwana. Wanajuana."

"Bwana Mwenyekiti!" Maganga akapaza sauti. "Mbona kimya? Umekwamwa na mguu wa senene, panzi wenu wale?"

Macho yote yakamgeukia Gaudens. Akasimama, akatengeneza tai.

"Senene hukamatwa na mtu aliye macho. Ninyi wawili mtakufa njaa."

Mabati yakatetemeka. Afisa hakuelewa neno, ila alicheka kwa kuwa wote walicheka, akasema mara nyingi kabla ya kuondoka kwamba vijana walikuwa wachangamfu. Aliamua mdahalo ubaki na ukumbi alasiri, Marijani aupate jioni.

Jumamosi ijayo hoja ni "Ndizi ni chakula." Kondo na Maganga, wote wawili, watakipinga chakula hicho cha Wahaya. Gaudens atafungua mlango saa tisa, kichwa wazi.