Sehemu ya Pili Ilipofika Galbet

Wiki jana, katika lojing moja ya Voi, niliwasha televisheni nikakutana na filamu ambayo sikutarajia kuiona tena maishani. Niliitambua kwa zimwi lake lenye zipu mgongoni. Nikaizima, nikatoka kutafuta chai, na chai yenyewe haikunyweka.

Twende basi Garissa, miaka ya tisini, baba yangu akiwa karani wa serikali huko. Tulikuwa wageni, na nilikuwa na rafiki mmoja tu. Naye alikuwa mgeni kuliko mimi: alivuka mpaka kutoka Somalia pamoja na shangazi yake, na katika zile mbio kaka yake mkubwa akapotea. Kisomali changu kilitosha kununulia maziwa tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, yeye P akiitamka B na V akiitamka F.

Kila alasiri nilitumwa maziwa ya ngamia kwa akina mama waliokaa kando ya barabara. Yalinukia moshi, harufu ambayo mpaka leo sijaikuta kwingine. Tukirudi na kidumu, tulipitia mtaa wa Galbet, kwenye chumba cha mabati kilichoonyesha video. Nje jenereta inanguruma, ndani jasho na sambusa, na dirishani shuka nyeusi ya kuzuia jua.

Hapo ndipo tulipoona sehemu ya kwanza. Msichana anaingia katika nyumba ya mazimwi kumtafuta kaka yake, na filamu inaisha mkono wake ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Mwenye video, aliyekuwa ameishi Nairobi, alitueleza kwamba hadithi ile ilitolewa kwenye gemu ya kuchezwa kwa televisheni, na kwamba kwenye gemu kaka anapatikana, mradi mchezaji ajue mlango wa kufungua. Rafiki yangu alimuuliza mara tatu. Tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine. Nilipomwambia hiyo ni sinema tu, alinikata.

"Warya, wewe hujui kitu. Kwa gemu anabatikana."

Kabla sehemu ya pili haijafika, shangazi alimhamishia Takaba, mbali kaskazini, kwa mjomba mwenye duka. Rafiki yangu aliniapisha niitazame kwa niaba yake, kisha nimpigie taar, ile redio ya mawimbi ambayo watu wa miji ya mbali waliitana nayo kabla ya simu kufika. Miezi ikapita. Maziwa niliyafuata peke yangu.

Kanda ilipofika nilikaa mbele kabisa. Msichana alikuwa mwingine, nyumba ilikuwa nyingine, na zimwi lilikuwa mtu aliyejivika mpira. Watu walicheka mpaka jenereta haikusikika. Mimi nilimngoja kaka. Hakutajwa hata mara moja.

Jumamosi nikaenda kwenye taar. Mzee wa redio aliita Takaba, huko wakamwita rafiki yangu kutoka dukani, kisha mzee akaninyooshea kipaza sauti. Kwenye taar, ukimaliza kusema unatamka "ova" ndipo mwenzako ajibu, na wote waliokaa kwenye benchi wanasikia. Nikamsimulia zipu, mpira na kicheko. Alinisubiri nimalize.

"Hiyo wacha. Kaka yake alibatikana? Ofa."

Mama mmoja kwenye benchi aliacha kujipepea. Nikabonyeza kitufe.

"Alipatikana. Ova."

Sauti yake ikarudi katikati ya mkoromo wa mawimbi.

"Mzima? Ofa."

"Mzima kabisa. Ova."

"Wallahi, nilikuambia," akasema, kisha akasahau kutamka ofa. Mzee wa redio na mimi tukabaki tukingoja.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake. Baba alihamishwa, na mimi tangu hapo sijatulia mji wowote. Taar zilinyamaza simu zilipokuja. Kile chumba cha mabati kimekuwa ghorofa, na vijana wa pale hawajui kama paliwahi kuwa na video. Nimepita Takaba mara mbili, na mara zote mbili sikuuliza duka la mjomba liko wapi.

Nililosema silijutii. Ninachoogopa ni kwamba siku moja, mahali fulani, naye ataiona. Atalicheka lile zimwi kama watu walivyolicheka, lakini hatainuka. Atakaa mpaka majina ya mwisho yamalize kupita, akingoja kaka atokee.